Rangi za Mabaka kwa Bunduki ya Mwindaji

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, lililosomwa na Afisa Elimu

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Mwenye kalamu butu na aichonge sasa, maana leo tutaandika. Hatutaandika mengi. Tutaandika mistari minane tu. Lakini mkisha kusikia habari yenyewe, mtaona kuwa mistari hiyo minane yaweza kuokoa jicho la mtu, au mkono wake, au maisha yake.

Somo la leo limetokana na barua. Msikilizaji mmoja ameniandikia kwa mkono wake mwenyewe. Asema kuwa alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa kama hilo lenu. Kazi yake ni kubeba mizigo katika kambi ya watalii wanaokuja kuwinda. Siku moja alifika mgeni kutoka Marekani, naye alikuwa na bunduki ya ajabu. Haikuwa nyeusi, wala haikuwa na kitako cha mti kama bunduki nyingine. Ilikuwa imepakwa rangi ya majani, matawi na mchanga, tangu kitako mpaka mdomo. Mgeni yule aliiegemeza kichakani, akaenda hatua chache kunywa maji. Aliporudi hakuiona. Watu watatu waliitafuta, na bunduki ilikuwa palepale. Mwandishi wa barua anauliza: “Bwana Afisa, rangi ile hupakwaje? Nayo ni ya nini, ikiwa yamficha bunduki hata mwenyewe?”

Hilo ni swali zuri, na leo tutalijibu.

Kabla ya kulijibu, nina neno moja. Somo hili si la kumfundisha mtu kutafuta bunduki. Hapa Tanzania bunduki haishikwi bila leseni, na mnyama wa porini hawindwi bila kibali. Majirani zetu wa Kenya walipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Tena raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na mabakamabaka ni sare za jeshi. Sisi twajifunza habari za kazi ya mikono ya watu wa nchi nyingine. Ndani ya kazi hiyo mna akili inayofaa kwa kazi yoyote ya rangi, iwe ni baiskeli, mlango au mtumbwi.

Sasa tuanze. Rangi za mabaka ni za nini?

Watu wamejifunza jambo hili kwa wanyama. Mfikirini chui aliyelala juu ya tawi. Ngozi yake ina madoa, na jua likipita kati ya majani nalo huleta madoa. Jicho la mtu huona madoa tu. Haliwezi kujua kichwa kiko wapi, wala mgongo umeishia wapi. Basi kazi ya kwanza ya mabaka ni kuvunja umbo la kitu. Jicho hutambua kitu kwa kufuata ukingo wake, na ukingo ukikatikakatika, jicho hupotea njia.

Sasa mfikirini swala. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo, na tumbo lake ni jeupe. Kwa nini? Jua hutoka juu. Huangaza mgongo, na tumbo hubaki katika kivuli. Kama mnyama mzima angekuwa wa rangi moja, kivuli kile cha tumbo kingemwonyesha kuwa ni kitu kinene kilichosimama. Lakini tumbo likiwa jeupe, weupe ule hupunguza kivuli, na mnyama huonekana kama kitu bapa, kama sehemu ya nyasi tu. Mchoraji mmoja wa Marekani, Abbott Thayer, alilieleza jambo hili katika maandishi yake mwaka 1896. Yeye hakuwa mtaalamu wa wanyama kwa kazi yake. Alikuwa mchora picha, na kwa kuwa kazi ya mchoraji ni kutumia kivuli ili kitu kionekane kinene, aliona upesi kuwa swala anafanya kinyume chake.

Wanajeshi walichelewa kujifunza. Kwa miaka mingi askari wa Uingereza walivaa makoti mekundu vitani. Mara ya mwisho kupigana katika makoti hayo ilikuwa mahali paitwapo Ginnis, nchini Sudan, mwezi wa Desemba mwaka 1885. Lakini huko Bara Hindi, tangu miaka ya 1840, kikosi kimoja kilikuwa kimekwisha kuanza kuvaa nguo za rangi ya vumbi. Rangi hiyo iliitwa kaki. Ndugu zangu, neno hili sote twalijua. Kila siku twasema “suruali ya kaki”. Asili yake ni maneno ya Kiajemi na Kihindi, na maana yake ni kitu cha rangi ya vumbi. Basi mtu avaaye kaki amevaa vumbi, bila ya kuchafuka!

Wafaransa nao waliingia katika vita vya mwaka 1914 na suruali nyekundu. Mwaka uliofuata, mwaka 1915, jeshi lao lilikuwa na kikosi cha wachoraji. Kazi yao ilikuwa kupaka mizinga rangi na kuifunika ili adui asiione.

Wawindaji wa Marekani walifuata baadaye. Mwaka 1986 zilianzishwa kampuni mbili, Mossy Oak katika jimbo la Mississippi na Realtree katika jimbo la Georgia. Zote mbili zilichapa vitambaa vyenye picha za magome na majani ya mwituni. Baada ya nguo, wawindaji wakatazama bunduki zao. Wakaona kuwa mtu amejificha vizuri, lakini mkononi ameshika chuma kirefu kilichonyooka na kung’aa. Msituni hakuna kitu kilichonyooka vile, wala hakuna jani la kumeremeta kama kioo. Hapo ndipo bunduki zilipoanza kupakwa mabaka.

Haya, tumekwisha kujua sababu. Sasa tumjue mnyama anayefichwa bunduki hiyo.

Mnyama anayewindwa sana Marekani ni ayala mwenye mkia mweupe. Wasomaji wa Zaburi wanalijua jina la ayala. Yeye si swala. Dume lake lina pembe zenye matawi, na pembe hizo huanguka kila mwaka na kuota upya. Jicho la ayala si kama jicho la mtu. Jicho la mtu lina vipokezi vya rangi vya namna tatu, lakini jicho la ayala lina vya namna mbili tu. Rangi ya buluu huiona vizuri. Lakini nyekundu na rangi ya chungwa hawezi kuzitenga na rangi za majani na udongo. Kwa upande mwingine, wakati wa alfajiri na magharibi anaona vizuri kuliko sisi, na kitu kikitikisika tu, amekwisha kukijua. Tena pua yake ni kali mno.

Kwa hiyo, ndugu, mwindaji asidanganyike. Rangi haifichi harufu. Rangi haifichi mkono unaotikisika. Mwindaji aliyesimama upande upepo unakotoka amekwisha kujitangaza, hata kama bunduki yake imepakwa na fundi bora duniani. Kazi ya rangi ni ndogo, nayo ni kuondoa mng’ao na kuvunja mstari mrefu wa chuma. Hiyo tu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Fundi hodari katika viwanda hutumia njia za mashine. Njia moja ni kuelea karatasi nyembamba yenye picha juu ya maji. Karatasi hiyo huyeyuka, picha hubaki juu ya maji, na fundi huzamisha kitako cha bunduki polepole mpaka picha ikishike. Njia nyingine ni rangi maalumu inayokaushwa katika tanuri. Lakini mwindaji wa kawaida hufanya kazi hii nyuma ya nyumba yake, kwa makopo matatu ya rangi ya kupuliza. Hiyo ndiyo njia tutakayoieleza.

Hatua ya kwanza haina habari ya rangi kabisa. Ni kuitoa bunduki risasi. Atoe magazini. Afungue komeo, yaani kile chuma kinachosogezwa nyuma na mbele. Atazame ndani ya chumba cha risasi kwa jicho, kisha aguse kwa kidole. Kwa nini afanye yote mawili? Kwa sababu jicho huona kile linachotazamia kuona, lakini kidole hakina mazoea hayo. Kisha atoe komeo lote aliweke kando, na risasi zote zikae chumba kingine. Mtu asiyefanya hatua hii asiguse kopo la rangi.

Hatua ya pili ni kuchagua. Si kila bunduki hupakwa. Bunduki ya zamani yenye kitako cha mjozi kilichong’arishwa kwa mkono, labda ya babu, isipakwe. Rangi itaishusha thamani, na majuto huja nyuma. Hupakwa bunduki ya kazi, yenye kitako cha plastiki, ambayo mwenyewe haogopi ikikwaruzwa.

Hatua ya tatu ni kusafisha. Bunduki hupakwa mafuta ili isishike kutu, na mafuta ni adui wa rangi. Hapa nitawasimulia aibu yangu. Nilipokuwa kijana wa shule nilipaka baiskeli yangu rangi ya kijani. Nilikuwa na haraka ya kwenda kujionyesha, sikuifuta grisi. Siku ya kwanza watu walinisifu. Siku ya nane rangi ilianza kubanduka kama ganda la kiazi, na suruali yangu ikawa ya kijani badala ya baiskeli. Haraka haraka haina baraka. Basi mwindaji hufuta bunduki yote kwa kitambaa safi chenye spiriti, kisha kitambaa kingine, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Baada ya hapo haigusi kwa mikono mitupu, maana vidole navyo vina mafuta. Kitako cha plastiki chenye kung’aa hukwaruzwa kidogo kwa msasa laini, ili rangi ipate pa kushika, na vumbi lake hufutwa.

Hatua ya nne ndiyo hatua ya leo. Chukueni kalamu.

Bunduki ina mahali ambapo rangi haitakiwi kuingia hata tone. Mahali hapo hufunikwa kwa utepe wa gundi, ule wa karatasi wanaoutumia mafundi wa rangi. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni nikisoma. Nanyi wanafunzi andikeni kila kitu katika mstari wake.

Mstari wa kwanza: mdomo wa mtutu. Mtutu ni ule mwanzi mrefu ambao risasi hupita.

Mstari wa pili: chumba cha risasi.

Mstari wa tatu: kifyatuo. Ni kile chuma kinachovutwa kwa kidole.

Mstari wa nne: kizuizi cha usalama, pamoja na alama yake ndogo.

Mstari wa tano: kioo cha mbele cha darubini.

Mstari wa sita: kioo cha nyuma cha darubini.

Mstari wa saba: tarakimu za kurekebishia darubini.

Mstari wa nane: namba ya bunduki.

Nitasoma tena polepole. Mdomo wa mtutu. Chumba cha risasi. Kifyatuo. Kizuizi cha usalama. Kioo cha mbele. Kioo cha nyuma. Tarakimu za darubini. Namba ya bunduki. Hesabuni mistari yenu. Ni minane? Vema.

Sasa niulizeni: kwa nini tumeyaandika? Mwindaji si anaiona bunduki yake mbele yake? Ndiyo, anaiona sasa. Lakini baada ya saa moja kila kitu kitakuwa kimepakwa rangi, na utepe nao utakuwa umepakwa rangi. Utepe wenye mabaka juu ya chuma chenye mabaka hauonekani. Hiyo ndiyo kazi ya mabaka, na mabaka hayachagui. Hayajui kuwa yametumwa kumdanganya ayala tu. Humdanganya na fundi.

Mfikirini mdomo wa mtutu. Wako watu ambao badala ya kuufunika kwa nje husukuma kizibo ndani, kipande cha mpira au cha sifongo. Rangi ikikauka, kizibo hakionekani tena. Miezi miwili ikipita, mtu huyo amekwisha kusahau. Anakwenda mwituni, anafyatua. Risasi inakuta njia imezibwa. Nguvu ya moto haina pa kwenda, na mtutu huweza kuvimba au kupasuka karibu na uso wake na mkono wake wa kushoto. Au mfikirini alama ya kizuizi cha usalama. Ikifunikwa na rangi, mwenye bunduki hawezi kuona kama bunduki iko tayari kufyatuka au imefungwa. Na namba ya bunduki ndiyo jina lake mbele ya sheria. Huko Marekani ni kosa kuifuta au kuibadili, na hakuna polisi wa nchi yoyote atakayefurahi akiletewa bunduki isiyosomeka.

Kwa hiyo fundi mwenye akili hufanya hivi. Huandika karatasini kila mahali alipofunika. Kazi ikiisha, hushika karatasi yake na kalamu, na kila akifunua mahali, hutia alama ya vema mbele ya mstari wake. Asipoona alama nane, kazi haijaisha. Hategemei kumbukumbu yake, maana kumbukumbu huchoka jioni, lakini karatasi haichoki.

Hatua ya tano ni kusoma. Ndiyo, kusoma! Kopo la rangi lina maandishi ubavuni. Watu wengi huyaruka, hata wale waliokwenda shule miaka mingi. Maandishi yale hueleza kopo litikiswe kwa muda gani, lishikwe mbali kiasi gani, na rangi ikae muda gani kabla ya kupakwa nyingine. Husema pia kuwa lisiachwe penye joto la kupita nyuzi 49 za Sentigredi, wala karibu na moto, kwa kuwa ndani yake mna hewa iliyoshindiliwa na inayowaka. Huagiza kazi ifanyike mahali penye hewa, si ndani ya chumba kilichofungwa. Mwenye kusoma huyajua hayo kwa dakika mbili.

Hatua ya sita ni kupaka. Bunduki huwekwa juu ya karatasi ngumu, au huning’inizwa kwa waya. Kwanza hupakwa rangi hafifu kote, kama rangi ya mchanga au ya nyasi kavu. Kopo hushikwa umbali wa sentimita 25 hadi 30. Mkono hupita bila kusimama, kama mtu anayefagia. Ukisimama, rangi hutiririka. Tabaka nyembamba tatu ni bora kuliko nene moja, na kila moja ikauke kabla ya nyingine. Rangi zote ziwe zile zisizong’aa, maana mng’ao ndio tunaoukimbia.

Hatua ya saba ni mabaka yenyewe. Mwindaji huokota majani na nyasi za mahali pale pale atakapowindia. Hulaza jani juu ya bunduki, hupuliza rangi ya kahawia au ya kijani kilichokolea kidogo tu juu yake, kisha huliondoa jani. Pale jani lilipokuwa hubaki umbo la jani kwa rangi ya mchanga. Wengine huchovya sifongo katika rangi na kugusagusa. Jambo la kukumbuka ni ukubwa. Mabaka madogo madogo yakiwa mengi, kwa mbali huchanganyika na kuwa rangi moja tu, na bunduki hurudi kuwa fimbo ndefu. Mabaka makubwa yaliyokata bunduki mshazari ndiyo yavunjayo umbo. Na nyeusi itumike kidogo sana.

Hatua ya nane ni kungoja. Utepe huvutwa taratibu kabla rangi haijawa ngumu kabisa, ili ukingo usibanduke. Ndipo karatasi ya mistari minane itolewe mfukoni, na alama zitiwe moja moja. Baada ya hapo bunduki iachwe siku nzima au zaidi. Mwisho, kabla ya kurudisha komeo, mwindaji huelekeza mtutu kwenye mwanga na kutazama kutoka nyuma. Akiona duara safi la mwanga, njia ni nyeupe. Asipoliona, hata kama karatasi ina alama nane, asirudishe komeo.

Hivyo ndivyo rangi inavyopakwa. Lakini, ndugu wasikilizaji, swali la barua bado halijaisha. Mwandishi aliuliza: rangi hiyo ni ya nini, ikiwa yamficha bunduki hata mwenyewe?

Twendeni jimbo la Wisconsin, kaskazini ya Marekani. Huko msimu mkuu wa kuwinda ayala kwa bunduki ni wa siku 9. Huanza Jumamosi kabla ya sikukuu yao ya Kushukuru, katika mwezi wa Novemba. Katika siku hizo watu wengi sana huingia mwituni kwa wakati mmoja, kila mtu na bunduki yake, na alfajiri ni ya giza. Mtu aliyejificha vizuri kabisa mahali kama hapo yumo katika hatari. Mwenziwe akiona kichaka kinatikisika, aweza kudhani ni ayala.

Basi sheria ya huko hufanya jambo ambalo kwanza litawachekesha. Yaamuru mwindaji avae rangi ya chungwa inayowaka kama moto. Angalau nusu ya nguo zake za nje kutoka kiunoni kwenda juu lazima iwe ya rangi hiyo, na kofia pia, kama amevaa. Tangu mwaka 2016 aweza kuchagua waridi inayowaka badala yake. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria ya namna hiyo. Mtu mwenye bunduki ya mabaka, amevaa koti la kuonekana maili nzima! Je, si upuuzi?

Kumbukeni macho ya ayala. Ana vipokezi vya namna mbili tu, na rangi ya chungwa kwake si kitu cha kumshtua. Lakini kwa jicho la mwanadamu koti lile hupiga kelele: “Mimi ni mtu! Usifyatue!” Hivyo mwindaji hufichwa kwa mnyama na huonyeshwa kwa ndugu yake kwa wakati mmoja. Hiyo ni akili, ndugu zangu. Watu walichunguza jicho la mnyama na jicho la mtu, wakapata pengo kati yake, na katika pengo hilo wakaokoa maisha.

Lakini pengo hilo halipatikani kwa kila kiumbe. Bata mzinga wa mwituni huona rangi vizuri sana. Anayemwinda kwa bunduki ya marisau hujifunika mabaka mwili mzima na bunduki pia, na mara nyingi hana koti la chungwa la kumlinda. Tena humwita ndege kwa kuiga sauti yake, na mwindaji mwingine akisikia sauti hiyo aweza kuja akinyatia. Kichwa cha bata mzinga dume kina nyekundu, nyeupe na buluu. Kwa hiyo wawindaji huonywa wasivae rangi hizo tatu hata kwenye leso au soksi. Tena huambiwa hivi: ukimwona mwenzako anakuja, usimpungie mkono. Sema kwa sauti ya mtu. Maana mkono uliopakwa mabaka waweza kudhaniwa bawa, lakini neno la mtu halidhaniwi kuwa la ndege.

Haya, sasa nimjibu ndugu yetu wa kambini. Rangi ile ni ya kuvunja umbo na kuzima mng’ao wa chuma mbele ya macho ya mnyama. Mgeni wako alipopotelewa na bunduki, rangi ilifanya kazi yake sawasawa. Kosa lilikuwa la mwenyewe, kwa kuwa alificha kitu bila ya kuweka alama ya kujikumbusha. Angefunga kitambaa kidogo cha rangi ya chungwa kwenye mkanda wa bunduki, au kwenye tawi alipoiegemeza, msingehangaika watu watatu. Tena bunduki haiachwi peke yake kichakani, iwe na mabaka au isiwe nayo.

Ndugu wasikilizaji, wengi wetu hatutashika bunduki kamwe, na ni heri. Lakini sote huficha vitu. Mkulima hufukia mbegu. Mama huweka dawa ya panya juu ya kabati, mbali na watoto. Fundi wa umeme hupitisha waya ndani ya ukuta na kuupiga lipu. Mwenye duka hukopesha. Kila kilichofichwa bila kuandikwa kinangoja siku ya kumdhuru aliyekificha, au mtoto wake, au fundi atakayekuja kutoboa ukuta ule baada ya miaka kumi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tumeona kuwa si mali tu. Hata usalama wa mtu wahitaji daftari.

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu atawauliza maswali manne, nanyi mtajadiliana. La kwanza: kwa nini swala ana tumbo jeupe? La pili: kwa nini mwindaji hutazama chumba cha risasi kwa jicho na kukigusa kwa kidole pia? La tatu: koti la chungwa humficha mtu kwa nani, na humwonyesha kwa nani? La nne: ni kitu gani nyumbani kwako kimefichwa, na hakijaandikwa mahali popote?

Swali hilo la nne msilijibu kwa mdomo. Lijibuni kwa kalamu, nyumbani, katika daftari lile lile lenye mistari minane. Andikeni kitu kilichofichwa na mahali kilipo, kisha msomeeni mtu mmoja mnayemwamini. Na wewe ndugu yetu wa kambini, asante kwa barua yako. Mwandiko wako ni mzuri.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.